Kanda za walioacha pombe: tuharakishe kuzihamisha, tusiharakishe kuzisambaza

"Zipelekwe kwa kijana wa flashi, azitoe MP3, kanda zenyewe zichomwe moto." Kauli ya namna hii hutoka kila linapofunguliwa kabati lenye kaseti za zamani, iwe Mikindani, Masasi au Nachingwea. Mwingine hujibu kwamba kanda zimekaa miaka thelathini bila kuguswa, hazidai chakula, ziachwe zilipo. Wa tatu, ambaye sauti ya marehemu baba yake imo humo, hataki kusikia habari ya flashi kabisa, maana anajua kilichosemwa ndani. Kila mmoja ana haki kwa upande wake. Lakini wakibaki hivyo hivyo, kila mtu na lake, kanda zitapotea, au siri za watu zitazagaa, au yote mawili kwa pamoja.

Kanda ninazozizungumzia ni za aina moja: zile zilizonasa watu walioacha pombe au dawa za kulevya wakisimama mbele ya wenzao, wakaeleza walivyokuwa, yaliyowakuta, na wanavyoishi sasa. Desturi ya kurekodi mazungumzo hayo ilikomaa Marekani. Alcoholics Anonymous, AA kwa kifupi, ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, na waanzilishi wake wakajulikana kama Bill W. na Dr. Bob. Katika mkutano wa AA hakuna tabibu wala mhubiri anayeongoza. Aliyeacha humsimulia anayetaka kuacha, na huyo anayesimulia naye hupata nguvu ya kuendelea. Mashine za kurekodi zilipopatikana, wanachama walizitumia. Dr. Bob alitoa hotuba yake kubwa ya mwisho Detroit, Desemba 1948, na kwa kuwa ilirekodiwa, maneno yake yanasomeka hadi leo. Kaseti zilipoenea, makongamano ya AA, na yale ya Narcotics Anonymous iliyoanza California mwaka 1953, yakawa na watu wao wa kurekodi na kutoa kopi. Mtu anayeishi mbali na mkutano wowote aliweza kusikiliza garini au kitandani.

Huku Kusini mwa Tanzania mambo yalikwenda kwa njia yake. Msimu wa korosho ukifika, uraka, pombe ya mabibo, hujaa vijijini, na nipa, pombe kali inayopikwa kutokana na mabibo hayo hayo, imewamaliza watu wengi. Waliofanikiwa kuacha walisimulia palipokuwa na masikio: ukumbi wa parokia, baraza ya msikiti, kikao cha ukoo, semina ya wagonjwa. Mwenye redio kaseti aliiweka mezani, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, basi. Hakudhani anaweka kumbukumbu. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu unaweza kuwa ndani ya kaseti iliyoandikwa "Taarab" kwa juu, kwa kuwa kaseti ilikuwa na kazi nyingine kabla ya hapo. Kabla ya kutupa kasha kwa kusoma maandishi ya nje, sikiliza kilichomo.

Kilichomo ndani ya kaseti

Ili tuelewane, tuanze na kitu chenyewe. Kaseti tunayoijua ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Ndani ya ganda kuna utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 3.81, uliopakwa unga wa sumaku, kwa kawaida oksidi ya chuma, na unga huo umeshikizwa kwa gundi. Sauti iliyorekodiwa ni namna sumaku ilivyojipanga ndani ya unga ule. Utepe ukipita mbele ya hedi, kile kidude cha chuma kinachong'aa ndani ya redio, kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde, mabadiliko ya sumaku huzaa umeme mdogo sana. Umeme huo unakuzwa, spika inatoa sauti. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 90 hupitisha utepe wa karibu mita 130.

Kuhamisha kanda kwenda mfumo wa dijitali ni kuuchukua umeme ule kabla haujafika kwenye spika, kuupima mara nyingi kila sekunde, na kila kipimo kuandikwa kwa namba. Kwa kiwango cha CD, vipimo ni 44,100 kwa sekunde moja. Namba hizo zikihifadhiwa pamoja zinaitwa faili.

Watu wengi hupotea hapa, kwa hiyo nitalisema taratibu. Kompyuta haiwezi kuisikia kanda. Inachosikia ni redio inayoichezesha kanda. Kama hedi ni chafu, kama mpira unaovuta utepe umekauka, kama redio inakwenda kasi leo na pole kesho, faili utakalopata litakuwa nakala aminifu ya ubovu wa redio. Kijana wa kibanda anaweza kuwa na kompyuta nzuri kuliko zote Mtwara mjini, na bado akakupa sauti ya mtu anayezungumza kama amefunikwa blanketi. Sehemu kubwa ya kazi iko kwenye mashine ya kuchezea, na hiyo ndiyo sehemu inayopuuzwa.

"Zipo kabatini, hazina neno"

Imani ya kwanza inayotuponza ni kwamba kanda isiyoguswa haiharibiki. Ile gundi inayoshika unga wa sumaku hufyonza unyevu wa hewa. Ikifyonza kwa miaka mingi inaweza kulainika, utepe ukawa unanata na kupiga kelele unapopita kwenye hedi, huku ukiacha unga nyuma. Ugonjwa huu umezipata zaidi kanda kubwa za mizunguko za miaka ya 1970 na 1980 kuliko kaseti ndogo, lakini kaseti nazo zina maradhi yake. Kipande kidogo cha sufi kinachousukuma utepe ukutane na hedi hubanduka, kwa sababu gundi yake nayo imekufa. Utepe ulioviringwa vibaya hujikunja ukingoni. Na fangasi huota pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, hali ambayo nyumba za pwani ya Lindi, Kilwa na Mtwara zinaijua vizuri mno.

Fangasi utawaona kwa kutazama dirisha dogo la kaseti: vidoa au nyuzi nyeupe kwenye ukingo wa utepe. Kaseti ya namna hiyo usiichezeshe. Itachafua hedi, hedi itachafua kaseti ya pili, na vumbi lake si zuri kwa mapafu, hasa kwa mwenye pumu. Itie peke yake kwenye mfuko, iweke mahali pakavu, mpaka apatikane anayejua kuisafisha. Kuianika juani ni kosa. Joto hupindisha ganda na kulegeza utepe. Kuizika ndani ya mchele ili ukauke ni kuongeza vumbi na wadudu. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vikiwekwa kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na kaseti, vinasaidia kuliko vyote hivyo, ilimradi vibadilishwe vikishiba.

Kaseti za dakika 120 ziogopwe zaidi. Utepe wake una unene wa takriban mikromita 9, nusu ya ule wa kaseti ya dakika 60, ili uingie mrefu ndani ya ganda lile lile. Hizo ndizo redio huzimeza. Kwa bahati mbaya ndizo zilizopendwa na warekodi wa vikao virefu, maana hukatizwi kugeuza upande.

Halafu kuna jambo lililo nje ya kanda. Mwaka 2019 shirika la kimataifa la wahifadhi wa sauti, IASA, kwa kushirikiana na programu ya UNESCO ya taarifa kwa wote, lilianzisha kampeni ya tahadhari kuhusu kanda za sumaku. Hoja yao ilikuwa kwamba kufikia mwaka 2025 au karibu na hapo, mashine zilizo nzima, vipuri vyake na mafundi wake vitakuwa adimu kiasi kwamba kanda ambazo hazijahamishwa huenda zisisikike tena. Mwaka huo umefika. Ukipita kwa mafundi redio wa mjini utawakuta mezani na simu na vingamuzi. Anayeweza kupanga hedi ya dekki, mashine ya kuchezea kaseti, kwa sikio ni mzee mmoja mmoja, na vijana wanaojifunza kwake ni wachache. Fundi huyo akistaafu, kanda iliyo nzima kabisa itakuwa haina wa kuisemesha.

Kuichezesha vizuri mara moja

Lengo ni kuichezesha kanda vizuri mara moja, kwa sababu kila mara inapopita kwenye mashine inachoka, na huenda hii ndiyo nafasi yake ya mwisho.

Kwanza vunja vile vijino viwili vilivyo mgongoni mwa ganda, kama bado vipo. Vikiondoka, mashine haiwezi kurekodi juu yake, hata mtu akikosea kitufe. Jambo dogo, linachukua sekunde tano, na ndilo linaloweza kukuepusha na hasara isiyorekebishika.

Pili tazama kile kipande cha sufi. Kama kimeanguka, au ganda limepasuka, utepe unaweza kuhamishiwa ndani ya ganda jingine lenye skrubu. Utepe uliokatika nao haujafa. Mara nyingi hukatika mwanzoni kabisa, pale unapoungana na kile kipande kisichorekodi, na huungwa kwa utepe maalumu wa kuungia. Selotepu ya dukani isiguse kanda. Gundi yake huvuja, ikanatisha mizunguko ya jirani na kupaka hedi.

Tatu, kanda iliyolala miaka mingi ipelekwe mbele mpaka mwisho na kurudishwa nyuma mpaka mwanzo kabla ya kurekodiwa. Imejibana sehemu moja na kulegea nyingine, na safari hiyo huipanga upya. Kalamu ya Bic tuliyokuwa tukiitumia inafaa kukaza utepe uliolegea, si kuzungusha kanda nzima.

Hedi isafishwe kwa pamba na alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kawaida ya vidonda ina maji mengi, manukato yana mafuta. Kisha kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi inayobadili mwinamo wake. Redio iliyorekodi mwaka ule ilikuwa na mwinamo wake, ya leo ina wake, na visipolingana sauti hufifia: herufi "s" na "sh" zinayeyuka, huelewi kama mtu amesema "nilisema" au "nilihema". Fundi anayejua huigeuza kidogo kidogo huku kanda ikicheza, akasimama pale sauti inapokuwa kali kuliko kote. Kwa mazungumzo ya watu hili lina uzito kuliko programu yoyote ya kompyuta. Asiyejua asiiguse.

Kutoka kwenye dekki, waya uende moja kwa moja kwenye kompyuta, kupitia kadi ya sauti ya nje kama kompyuta mpakato haina tundu linalofaa. Kuweka simu mbele ya spika ni kurekodi jogoo, bodaboda na feni ya chumbani. Kompyuta itumie betri wakati wa kurekodi, kwa kuwa chaja nyingi huingiza mvumo wa umeme kwenye waya wa sauti, na umeme ukikatika hutapoteza nusu saa ya kazi. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Sauti isipande mpaka mwisho wa kipimo. Ikipiga ukuta, kile kilichozidi kimekatwa na hakirudi. Acha nafasi ya desibeli 6 hivi juu ya kilele cha sauti, maana mtu anayesimulia jinsi alivyompiga mkewe huanza kwa kunong'ona na anaweza kumalizia kwa kilio.

Na kazi hii haiharakishwi. Kanda ya dakika 90 inataka dakika 90 na mtu anayesikiliza. Kanda mia moja za saa moja moja ni saa mia moja. Anayekuahidi kukumalizia kasha zima kwa siku moja, muulize atafanyaje.

WAV, MP3 na korosho

Sasa tufike kwenye aina za mafaili, ambako maneno hutupwa ovyo. WAV huhifadhi kila kipimo kama kilivyochukuliwa. FLAC huhifadhi vyote pia, ila kwa kuvifunga vizuri, na faili hupungua hadi karibu nusu bila kupoteza kitu. MP3 hupunguza kwa kutupa: programu inakadiria ni sauti zipi sikio la binadamu halitazigundua, inaziondoa kabisa.

Mtu wa Newala au Tandahimba ataelewa haraka. WAV ni korosho ghafi ndani ya ganda lake: nzito, inajaza ghala, haiko tayari kuliwa, lakini ndiyo inayohifadhika na ndiyo unayoweza kuitoa chochote baadaye. MP3 ni korosho iliyobanguliwa, ikakaangwa na kutiwa chumvi. Ni tamu na unaibeba mfukoni. Kutoka ghafi utapata ya kukaanga siku yoyote. Kutoka ya kukaanga hupati ghafi tena. Wale wanaosema "tutaanza na MP3, baadaye tutaibadilisha iwe WAV" watapata faili kubwa lenye upungufu ule ule wa faili dogo.

Kiwango kinachopendekezwa na wahifadhi ni angalau vipimo 48,000 kwa sekunde, kila kimoja kwa biti 24. Kwa stereo, saa moja ni takriban gigabaiti moja. Watu hushtuka, lakini hesabu ni nyepesi: kanda mia moja za saa moja ni kama gigabaiti 100, na diski ya terabaiti moja inazibeba zikacheza. MP3 ya mazungumzo kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama megabaiti 29 kwa saa, rahisi kutumwa kwa simu. Kwa hiyo tengeneza vyote viwili, kila kimoja kwa kazi yake. Nakala kuu, WAV au FLAC, isiguswe. Nakala ya kusikiliza, MP3, ndiyo ya kufanyia usafi.

Kuhusu usafi nina msimamo. Programu za leo huondoa mvumo, huondoa kikohozi, na nyingine hufupisha ukimya zenyewe, kwa kuwa zinauona ukimya kama kasoro. Katika mazungumzo haya ukimya ni sehemu ya usemi. Mzee anaulizwa na moyo wake kama aseme au asiseme, anakaa kimya sekunde kumi na tano, kiti kinalia, halafu anasema. Ukizikata zile sekunde umemfanya mtu mwingine. Punguza mvumo kidogo, ishia hapo, na usifanye hata hilo kwenye nakala kuu.

Dijitali nayo hufa

Faili halichakai kwa kusikilizwa, hilo ni kweli. Lakini linakaa ndani ya kitu, na kitu hicho hufa bila kuaga. Kaseti mbovu hukupa sauti yenye mikwaruzo. Diski iliyokufa haikupi chochote. Flashi ni chombo cha kusafirishia, si cha kutunzia, na sokoni zimo za bandia zinazojitangaza kuwa na ukubwa zisio nao. CD za kuchoma nyumbani zina rangi inayofifia kwa joto na mwanga. Walioburn kanda zao kwenye CD mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakapumua, wazijaribu leo.

Kanuni ya watunza kumbukumbu ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake ikae mji mwingine. Moja Mtwara, moja Masasi kwa ndugu mwaminifu, moja mtandaoni ikiwa imefungwa kwa nywila kabla ya kupandishwa. Mara moja kwa mwaka mafaili yafunguliwe. Zipo programu ndogo zinazokokotoa alama ya uhakiki ya kila faili, mfuatano wa herufi na namba unaobadilika hata kama biti moja tu imeharibika. Ukiilinganisha ya mwaka jana na ya mwaka huu utajua kabla ya kuchelewa. Kila baada ya miaka mitano hivi, hamishia kwenye diski mpya.

Pamoja na sauti, andika. Faili linaloitwa "Sauti 0023" baada ya miaka kumi litakuwa kitendawili. Andika mahali, mwaka, lugha (Kiswahili, Kimakonde, Kimwera, Kiyao, au mchanganyiko), aliyerekodi, mashine iliyotumika kuhamisha, na kama hii ni kanda ya kwanza au kopi ya kopi. Kila kopi ya kaseti huongeza mvumo wake, kwa hiyo kama kanda moja inapatikana nyumba tatu, tafuta ile iliyokuwa mezani siku ya tukio.

Jina la msemaji lisiwe sehemu ya jina la faili. Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hedi na gigabaiti zote.

Aliwaambia watu thelathini

Mtu aliyesimama katika ukumbi wa Lindi akasema alivyouza shamba la marehemu kaka yake kwa ajili ya nipa, aliwaambia waliokuwa ndani ya ukumbi. Kaseti iliongeza wachache. Kaseti ilikuwa na mkono wa mtu. Aliyetaka kuisikia alikwenda kuiomba, na mwenye nayo alimtazama usoni kabla ya kumpa. Faili halina mkono huo. Likiingia kundi moja la WhatsApp jioni, alfajiri liko Dar es Salaam na Pemba, na wajukuu wa yule kaka wamelisikia.

AA waliliona tatizo hili mapema. Katika kongamano lao la kimataifa la mwaka 1950, Cleveland, walipitisha mapokeo kumi na mawili, yaani miongozo ya vikundi vyao, na la kumi na moja linataka mwanachama asitambulishwe katika magazeti, redio na filamu. Siku hizi wanalihesabu na kwenye intaneti. Wanaorekodiwa hushauriwa kutaja jina la kwanza na herufi tu ya jina la ukoo. Hata baada ya mtu kufariki, wanachama kwa ujumla hawaoni busara kumtaja, ingawa uamuzi wa mwisho wanauacha kwa familia. Watu wanaotunza kanda za AA, pamoja na hifadhi ya chama yenyewe iliyoko New York, hufanya kazi ndani ya mipaka hiyo.

Kwetu kuna la ziada. Wengi hudhani ukikata jina umeficha mtu. Katika mji ambao watu wamesoma pamoja, wamezikana na kuoleana, sauti yenyewe ni jina. Matamshi yanataja Newala, kikohozi kinataja mtu, na habari ya mashua iliyozama mwaka fulani inataja ukoo mzima. Tena msemaji hajisemi peke yake. Anamtaja mke aliyekimbia, mtoto aliyefukuzwa shule, bosi aliyemvumilia, rafiki wa kunywa ambaye hakuacha. Hao hawakuombwa ruhusa siku ile na wengi wao wako hai.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti. Mtu anayepandisha mtandaoni ushuhuda wa uraibu wa jirani yake kwa nia njema ya kuwasaidia vijana asidhani nia njema inatosha.

Ndiyo maana ninatenganisha kazi mbili ambazo watu huziunganisha. Kuhamisha kunakimbizana na unyevu na uhaba wa mafundi, hakusubiri. Kusambaza hakukimbizwi na kitu. Faili likiwa salama katika nakala tatu linaweza kukaa miaka ishirini bila mtu wa nje kulisikia, na hakuna kilichoharibika. Yule mwenye hofu ya siri ya baba yake anaweza kuambiwa hivyo waziwazi: tunaiokoa sauti, hatuitangazi. Nimeona wenye hofu ya namna hiyo wakikubali mara tu wanapoelewa kwamba la kwanza haliwalazimishi kukubali la pili.

Kwa vitendo, kila kanda ipewe namba, mfano K014, na faili liitwe kwa namba hiyo. Daftari linalounganisha namba na majina likae mbali na diski, kwa mtu mmoja anayeaminiwa na kikundi au familia. Anayehamisha kanda asikie kwa sababu lazima asikie, na akubali kabla ya kuanza kwamba alichosikia hakitoki. Kwa sababu hiyo sipendi kanda hizi ziende kwenye kibanda cha nyimbo, ambako spika iko nje na wapita njia wanasikia. Ni bora kumwalika fundi nyumbani na dekki yake, au kumpa kijana wa familia mafunzo ya siku mbili tatu.

Zile zitakazoruhusiwa kusikilizwa na wengine, kwa mfano katika soba hausi au kikundi cha wanaoacha, zitolewe nakala yake ya MP3 iliyokatwa majina ya watu wengine. Palipokatwa pawekwe ukimya mfupi ili msikilizaji ajue pamekatwa. Msemaji akibadili mawazo, nakala hiyo iondolewe na asiulizwe kwa nini.

Kaseti zenyewe zisichomwe. Mashine ya kesho inaweza kusoma kitu ambacho ya leo haikukisoma, na pale faili linapotiliwa shaka, kanda ndiyo shahidi. Zisimame wima kama vitabu, ndani ya makasha yake, mbali na spika zenye sumaku, mbali na ukuta unaotoa unyevu, mbali na bati.

Kama kasha lina kanda nyingi na hujui uanze wapi, ziweke mbele kwanza zile za dakika 120 na zile ambazo hazina kopi popote. Kati ya hizo, tanguliza zile ambazo msemaji yu hai. Nenda kwake na karatasi, mapema kuliko unavyoenda kwa fundi. Muulize ilikuwa wapi na mwaka gani, nani mwingine anasikika ndani, yuko wapi aliyerekodi, ni sehemu zipi asingependa zisikike na mtu yeye mwenyewe akingali hai, na ni nani katika familia atakayekuwa na neno la mwisho baada yake. Majibu yake yaandike mbele yake, umsomee, atie sahihi au dole gumba. Karatasi hiyo iingie kwenye daftari chini ya namba ya kanda, kisha ndipo umpigie fundi.